Miwani ya Mama Kwenye Mnada wa Mavuno

Enzi zetu sisi tuliolelewa migombani, gari la Sista lilisikika kabla halijaonekana. Lilianza kama nyuki mmoja kule chini upande wa Himo, likapotea kwenye kona, likarudi na sauti nene zaidi, na lilipofika darajani sisi tulishatupa majembe ya shamba la shule na kuanza mbio. Mwalimu hakutuzuia. Naye alikuwa na jino lake la kuonyesha.

Nawaandikia ninyi wenzangu mliotelezea magome ya migomba kwenye mteremko mpaka sketi na kaptura zikabaki jina tu. Mnaojua ladha ya maziwa ya unga yaliyolambwa kiganjani, yakagandia kwenye kaakaa kama chokaa. Kijana wa leo naye anaruhusiwa kusoma, ila akifika mahali asipopaelewa asikimbilie kuiuliza simu. Amuulize mama yake, kama bado wana mazoea ya kuongea.

Kliniki ilikuwa kwenye kibaraza cha kanisa, huku kwetu juu ya Marangu, mara moja kwa mwezi, mvua ikikubali. Sista Inge alikuwa shemasi wa misheni na muuguzi, ametoka Ulaya. Nchi gani hasa hatukujisumbua kuuliza, maana kwetu Ulaya ilikuwa kijiji kimoja chenye baridi. Alikuwa mrefu, kilemba cheupe, viatu vya kamba, mikono inayonuka spiriti hata akikupa peremende. Kiswahili alikuwa amekisoma kwenye Biblia na kukibeba kizimakizima. Ukikunja uso mbele ya dawa ya minyoo anakuambia, "Amin, amin, nakuambia, kunywa yote." Unakunywa. Nani angebishana na maneno kama hayo.

Mizani ya watoto wachanga ilifungwa kwenye boriti. Mtoto anatumbukizwa kwenye kaptura ya turubai, anatundikwa kwenye ndoano, anabaki ananing'inia pale huku analia, na kina mama wanacheka mpaka khanga zinawadondoka. Mama yangu yeye hakucheka kwanza. Alisogea akaikagua ile mizani. Si kwamba hakumwamini Sista. Mama hakuiamini mizani yoyote duniani mpaka ameiona ikiwa tupu.

Watu walimwita Mama Haika, kwa sababu Haika ni mimi, mtoto wa kwanza. Baba alikuwa reli, Tanga, tukimwona Krismasi, kama watoto wengi wa Kichagga walivyowaona baba zao. Nyumba yetu ilisimama juu ya cherehani. Mama alishona sare za shule, majoho ya kwaya, na zaidi ya yote magauni meupe ya kipaimara. Mgeni anaweza kudhani kipaimara ni ibada tu. Huku kwetu ni siku mtoto anayotazamwa na ukoo mzima toka kiatu mpaka utosi, na gauni likipinda, ukoo mzima umepinda. Kila mwaka mabinti wa mtaa wote walipiga magoti mbele ya mchungaji wakiwa wamevaa mkono wa mama yangu.

Sokoni alikuwa hatari. Anashika mkungu wa ndizi, anaupindua, anautazama tena upande uleule aliokwisha kuutazama, anauweka chini, anaondoka. Anaondoka kweli, si maigizo. Muuzaji anamfuata mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, akimwita, "Mama Haika, rudi basi tuongee kama watu." Leo nauza mitumba soko la Pasua, mjini Moshi, na wateja wakiniambia nina roho ngumu nawajibu kwamba hawakumjua aliyenizaa.

Basi macho yakaanza kumchezea. Mbali aliona vizuri. Angeweza kukuambia nani anashuka kutoka juu na amebeba nini. Karibu ndiko kulikokuwa na ukungu. Kila mwezi sindano ilisogea mbali zaidi na uso wake, mpaka mkono ukaisha urefu. Asubuhi kabla sijaenda shule aliniita nimtungie uzi kwenye sindano za kutosha kutwa nzima, akazichomeka kwenye pazia, moja moja, kama askari. Halafu ananishika sikio, taratibu, na kusema, "Ya pazia hayatoki nje ya pazia."

Nilielewa. Huko Himo kulikuwa na mafundi wapya wenye mashine za umeme. Mteja akishasikia fundi wake haoni, haulizi mara mbili. Anabeba kitambaa anateremka.

Ndipo Sista Inge akaja na habari za macho. Alileta sanduku la vioo vya kujaribia na bango lenye alama kama E iliyogeuzwageuzwa, miguu mara juu, mara chini, mara pembeni. Unasimama mbali, unaonyesha miguu inaelekea wapi. Rahisi. Isipokuwa kwamba sisi Wachagga tukiona bango na mtu mweupe mwenye fimbo, akilini linakuja neno moja tu, mtihani. Na mtihani haufeliwi mbele ya majirani.

Mzee Eliapenda, mzee wa kanisa na mnadi wetu wa mavuno, alifanya kama alivyofanya kila mwenye akili. Alipanga foleni nyuma ya waliotangulia, akawasikiliza, akayakariri majibu yote. Sisi watoto tuliokaa ukutani tulimwona midomo ikicheza. Zamu yake ilipofika alisimama wima kama anaapishwa.

"Huyu miguu inaelekea wapi, mzee?"

"Juu, mlimani."

"Na huyu?"

"Himo."

"Na huyu mdogo kabisa wa mwisho?"

"Rombo," akasema, yaani pembeni, na kidole akanyoosha kabla fimbo ya Sista haijafika.

Watu walitaka kupiga makofi. Sista akamwambia ana macho ya kijana, hana haja ya miwani. Mzee Eliapenda akaitikia Bwana asifiwe, akashuka kibarazani akipapasa ngazi kwa kiatu.

Mama hakukariri kitu. Alikwenda mbele ya Sista akasema kwa sauti ya chini, "Mimi mbali naona. Ninachotaka ni tundu la sindano." Sista akamtazama, akalikunja bango. Akachukua sindano na uzi kwenye sanduku lake la kushonea vidonda, akampa. Kisha akaanza kumwekea vioo machoni, hiki, hapana, hiki, afadhali, hiki. Kwenye kioo kimoja mama akaileta sindano karibu. Uzi ukaingia. Akautoa, akauingiza tena, kuhakikisha. Halafu akageuza kiganja chake, akakiangalia mbele na nyuma.

"Kumbe vidole vyangu vimechoka hivi," akasema, akacheka. Ni mara chache nimemsikia mama akicheka vile, cheko la msichana.

Vile vioo vilikuwa vya kujaribia, vikarudi sandukuni. Sista akaahidi kwamba ya kwake itakuja na mzigo wa misheni, pamoja na ya wengine waliopimwa, kila mtu na yake. Akamwonyesha picha ya fremu, ya kahawia yenye madoa meusi. Mama akauliza bei, na kama inakubali kushuka. Sista akasema ni bure. Mama akamwangalia kwa wasiwasi kidogo, maana maishani mwake kitu cha bure alikuwa hajui namna ya kukishika.

Tukangoja. Kahawa ikaiva, ikachumwa, vidole vyetu vikanata maganda yake matamu. Kipaimara kilikuwa kinakaribia, na mama akawa anasema, "Yakija macho yangu, nitaanza na magauni magumu. Haya ya mikono ya puto nayaweka pembeni kwanza." Vitambaa vyeupe vikapangana kitandani kwake, naye akalala ukingoni.

Mzigo ulifika Jumamosi ya kuamkia sikukuu ya mavuno. Sista mwenyewe alikuwa safarini upande wa Same. Dereva wa misheni aliuteremsha mlangoni mwa kanisa, akaondoka kuwahi mvua. Mchungaji alikuwa mtaa mwingine. Aliyekuwepo ni Mzee Eliapenda, anapanga mikungu.

Ninyi mliokulia huku mnajua Jumamosi ile ilivyo. Chochote kinachotua mlangoni mwa kanisa siku hiyo kina maana moja. Mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa, kuku, mayai, viazi vikuu, hata mzigo wa majani ya ng'ombe, vyote vinapangwa mbele ya madhabahu, vinaombewa, na baada ya ibada vinapigwa mnada uwanjani. Mzee akafungua kasha, akakuta miwani inang'aa, akasema moyoni Sista wetu naye katoa mavuno yake. Kila miwani ilikuwa imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, kwa mwandiko mdogo wa Sista. Mzee Eliapenda, mwenye macho ya kijana, aliona uchafu. Na sadaka haitolewi chafu. Akaibandua plasta moja moja, akafuta gundi kwa mafuta ya taa, akaipanga miwani juu ya jani la mgomba kati ya mayai na njegere. Haya aliyasema mwenyewe baadaye, kwa fahari, kwamba miwani ilinukia kidogo lakini iling'aa.

Wenye majina walikuwa kanisani Jumapili ile, wamekaa. Mama aliiona kutoka benchi la nne, maana mbali aliona. Nilihisi mkono wake umekaza kwenye goti langu. Ya kahawia yenye madoa ilikuwa mwanzoni kabisa, karibu na jogoo.

Baada ya ibada tukatoka uwanjani. Mnada wa kanisa si wa sokoni, na hapa ndipo mama alipokwama. Sokoni mnunuzi anavuta bei chini. Kwa Bwana bei inapanda tu, na anayenunua huwa hajanunua. Anasema "irudi," kitu kinauzwa tena, na yai moja linaweza kupita mikono ya ukoo mzima kabla halijafika kwa mchungaji. Ni raha, ni majivuno kidogo, ni kicheko. Ila kitu kikishawekwa madhabahuni ni mali ya Ruwa, Mungu. Hakuna anayesimama kusema kilikuwa changu. Hata aliyeibiwa kuku, akimkuta ameshaombewa, anamnunua.

Mzee Eliapenda akainua miwani ya kahawia. "Nani anataka kuona utukufu?"

Watu wakacheka. Mmoja akaivaa, akapepesuka, wakacheka zaidi. Nikamvuta mama khanga. "Mama, sema ni yako."

"Ilikuwa yangu kabla haijafika mbele. Nyamaza."

"Mwambie basi kwamba huoni."

Hapo akaniangalia, na sikumvuta tena. Mbele yetu walisimama karibu wateja wake wote, mama wa mabinti ambao vitambaa vyao vilikuwa kitandani kwetu.

Mama alinyoosha mkono, akataja bei. Akataja tena. Aliyempandia bei ni Mama Anansia, jirani yetu wa kihamba cha juu, shamba la ukoo wao, mwenye kahawa nyingi na binti wa kipaimara mwaka ule. Si mtu mbaya. Mtu mbaya angenirahisishia kazi hii ya kukumbuka. Alikuwa mwanamke mkarimu, mwenye sauti, aliyependa kuonekana anamtolea Mungu, na alipoiweka ile miwani usoni akageuka akauliza, "Nimekaaje?" wakamjibu kama mwalimu mkuu. Basi. Mama akateremsha mkono. Yule aliyeweza kumfuatisha muuzaji mpaka mfongoni hakuwa na pa kuondokea, kwa sababu pale ukiondoka hakuna anayekufuata.

"Irudi?" akauliza Mzee Eliapenda, kwa desturi.

"Hii hairudi," akasema Mama Anansia. "Hii naenda nayo nyumbani."

Wiki zilizofuata kijiji chetu kilikuwa kichekesho. Miwani yote ilikuwa imeangukia wenye uwezo, na wenye uwezo hawakuwa wenye haja. Mwenye duka aliivaa ya kusomea akitembea, akawa anainua mguu kama jogoo anayevuka matope, mpaka mfongo ukampokea yeye na baiskeli. Mwalimu wa kwaya aliinyanyua juu kila alipotaka kuona noti, akaishusha alipotaka kuonekana. Tulicheka sana. Mama naye alicheka, nje. Ndani ya pazia sindano zangu za asubuhi ziliongezeka.

Sista Inge aliporudi alikuta gwaride la vioo kibarazani. Alisimama na sanduku lake mkononi bila kuliweka chini. Akamwendea mama kwanza.

"Mama Haika. Miwani yako iko wapi?"

"Ilinunuliwa, Sista."

"Ilinunuliwa? Haikuwa ya kuuzwa."

Mzee Eliapenda akajitokeza kwa furaha yote ya mtu mwenye habari njema. "Shikamoo ya mavuno, Sista," akasema, ingawa Sista alikuwa mdogo kwake. "Tumeipiga mnada yote. Imetupa mabati. Tazama juu." Na kweli, juu ya kibaraza ambapo mvua ilikuwa inamlowanisha kila mwezi, kulikuwa na mabati mapya, yanameta. Walikuwa wameuza macho waliyoletewa na kumjengea paa aliyeyaleta.

Sista akatazama juu muda mrefu. Akacheka, kisha nikamwona anatoa leso. Akasema atakwenda kwa kila mmoja aikusanye irudi kwa mwenyewe. Mama ndiye aliyemkataza. Alimvuta pembeni, nyuma ya gari, nami nikiwa nimeshika sanduku lake.

"Ukiichukua kwa Mama Anansia, utasema ya nani?"

"Nitasema yako."

"Na atauliza ya kazi gani."

Sista akasema basi ataandika Ulaya waletewe nyingine. Akamwekea mama mkono begani, na kwa Kiswahili chake kile cha Biblia akamwambia, "Saburi, mama." Nadhani aliandika kweli. Lakini kabla ya Krismasi aliitwa kwao, mama yake alikuwa mgonjwa, na hakurudi tena mlimani. Barua za misheni zilichukua njia zake. Waliokuja baada yake walikuwa na mambo mengine.

Magauni yakashonwa bila miwani. Mama alikata kwa kumbukumbu na kushona kwa ncha za vidole, mimi nikitoka shule nakuwa macho yake. Nasema kulia kidogo, hapo pana mkunjo, mama, hapo umeruka. Nilikuwa na umri wa mtoto na usingizi wa mtoto. Gauni la Anansia lilikuwa na mikono ya puto.

Siku mbili kabla ya kipaimara Mama Anansia akapiga hodi, gauni limekunjwa mkononi.

"Karibu, Mama Anansia. Kaa, kuna mtori wa ndizi jikoni."

"Aika, asante, nimekula. Mama Haika, hebu tazama hapa begani. Huu umekaa, huu umekwenda nyuma." Aliivaa ile miwani ya kahawia, na kwa mara ya kwanza tangu aichukue mnadani ilikuwa inafanya kazi yake. Mshono aliuona vizuri kabisa.

Mama akapokea gauni, akapitisha kidole gumba. "Nimeusikia."

"Umeusikia? Si unauona?"

"Nauona."

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia la sindano. Mama Anansia alimtazama mama. Akaliona gauni lilivyoshikwa mbali, mkono umenyooka wote. Akaangalia pazia. Alikuwa na sauti ya uwanjani yule mama, lakini hapo iliondoka. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaiweka mezani pembeni ya cherehani, karibu na mkono wa mama kuliko wake. Akaanza kuongea habari za bei ya kahawa, na ng'ombe wake aliyegoma kula. Mama akawa anafumua mshono. Mkono wake ulipita jirani na ile miwani mara nyingi, kwenda kwenye mkasi na kurudi. Haukuigusa.

Kisha Mama Anansia akaaga, akatoka, akaiacha pale.

Mama aliisikiliza miguu yake ikiishia migombani. Akaivaa. Akaangalia bega la gauni, akaangalia bega la pili. Akapumua. Nilidhani yamekwisha. Ndipo akaivua, akaikunja, akanipa.

"Mkimbilie Mama Anansia. Amesahau miwani yake."

Nilimkuta kwenye njia panda ya kihamba chao, anatembea polepole, kama mtu ambaye hataki kufikiwa. Aliitazama ile miwani kiganjani mwangu.

"Mama yako amesemaje?"

"Amesema umesahau."

Akaipokea. "Haya," akasema. "Mwambie aika."

Nimefanya biashara miaka mingi. Mtu akisahau kitu kwenye meza yangu najua kama amesahau au ameacha. Mama yangu alijua kuliko mimi. Angeweza kukaa na ile miwani na lisisemwe neno, mpaka leo. Lakini kuipokea kwa njia ile kulikuwa kukiri ya pazia, na Mama Anansia naye kuitoa kwa maneno kulikuwa kurudisha kitu cha Bwana alichokwisha kutangaza kwamba hakirudi. Wanawake wawili wenye akili timamu, majirani wa mfongo mmoja, kila mmoja akamwachia mwenzake aseme.

Kipaimara kilipita. Gauni la Anansia, ukisimama mbali, halikuwa na neno. Mwaka uliofuata vitambaa vilivyokuja kwetu vilikuwa vichache, na uliofuata vichache zaidi. Hakuna aliyesema kitu kibaya. Walisema Himo kuna mtindo mpya, walisema mtoto ndiye aliyeng'ang'ania. Mama aliwaambia ni sawa kabisa, akawapa ndizi za kwenda nazo. Siku moja nilitoka shule nikakuta cherehani imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio. Nikaacha kutunga sindano asubuhi, na nakumbuka nilifurahi kwamba nitalala zaidi.

Siku hizi mambo ni mengine. Mnada wa mavuno upo, ila unatuma pesa kwa simu, na kijana ananunua mkungu wa ndizi Marangu akiwa amekaa Dar, hata hajui ni ndizi za mtori au za kuivisha. Wageni wa tiba wanakuja kwa makundi, fulana zinafanana, wanakaa wiki mbili, wanapanda mlima, wanapiga picha na watoto. Siwacheki sana. Wanakuja na mashine inayopima jicho kabla hujakaa vizuri, na hakuna anayeweza kuikariri.

Mwaka jana walikuja kanisani kwetu. Nikafunga meza Pasua, nikapanda kumpeleka mama. Alikuwa hataki, nikamwambia ni bure, akaniangalia kwa wasiwasi uleule. Binti mmoja wa Kitanzania, daktari mwanafunzi, akamwamkia shikamoo vizuri, akampima, akamchagulia miwani papo hapo. Mama akaivaa. Akanitazama mimi kwanza.

"Haika. Kumbe umezeeka."

"Ni wewe uliyechelewa kuniona, mama."

Akashika ukingo wa gauni langu, akaugeuza ndani, akaufuata mshono mpaka mwisho. "Fundi gani huyu? Amevuta uzi." Kisha akatazama mikono yake. Inatetemeka sasa, kikombe cha chai anakishika kwa miwili. Akaitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. Akaivua miwani na kumnyooshea yule binti.

"Mpe anayeshona," akasema.

Nilimbembeleza. Nilimwambia atasomea Biblia, atachagulia maharage, ataona sura za wajukuu. Nilitumia kila nilichojifunza kwake na kwa watu wote wa Pasua. Sijawahi kukosa bei kwa mtu namna ile.

Yule binti akacheka kwa heshima, akauliza, "Sawa, bibi. Fundi wenu hapa ni nani? Nimwite?"

Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakaangaliana. Nami nikawaangalia, mmoja mmoja, halafu tena tangu mwanzo. Magauni ya kipaimara siku hizi yanatoka dukani Moshi mjini, yamekunjwa kwenye mfuko wa nailoni, mikono yote miwili imekaa sawa. Hakuna aliyekuwa na jina la kutaja.

Mama akangoja jibu, mkono umenyoosha ile miwani hewani. Alipoona halipo, akaivaa tena, taratibu, akaniambia twende nyumbani.